Start Imekufa, Fundi Anataka Paswadi

Stima ilipotea keja saa nne usiku, katikati ya apdeti. Lapi yangu ni zile za ex-UK, nilibeba Luthuli Avenue, na betri yake iliaga kitambo, inaishi kwa soketi tu. Ikazima. Asubuhi kuwasha: picha iko, mausi inatembea, lakini baa ya chini imekufa. Bonyeza Start, kimya. Bonyeza Wi-Fi, kimya.

Nikaibeba kwa fundi mmoja wa mtaa. Hata hakuicheki. "Hiyo ni kuflashi, buda. Thao mbili. Niachie, na uniandikie paswadi hapa kwa karatasi." Kando yake kulikuwa na lapi tatu, kila moja imebandikwa karatasi yake kwa selotepu. Moja niliisoma nikiwa nimesimama tu: jina la manzi na mwaka. Sheria ya Kulinda Data iko tangu 2019, lakini kwa hiyo kibanda haijafika. Nikahepa.

Juu hebu cheki vitu ziko ndani: skani ya ID, PIN ya KRA, picha za mathe akiwa hosi, na brauza yenye imekumbuka paswadi zote tangu campo. Mtu akiwa na ID yako anaweza jaribu kusajili laini nayo. (Ka uko Safaricom, piga *106# saa hii, uone namba zenye ziko kwa jina lako.) Na usidhani ukifuta faili kabla ya kumpea umejikinga. Kwa hizi diski za kuzunguka, kufuta kunatoa tu anwani. Mzigo unabaki hapo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuufukua ni za bure.

Nikaamua kuirepea mwenyewe, na kabla nianze nilikopi kila kitu kwa diski ya nje. Ka diski ya ndani ya lapi ndio inakufa, ile inalia tik-tik, kuirepea ni kuimalizia.

Sasa kazi. Start ikigoma, finya Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itatokea. Anzisha task mpya, andika cmd, na utick kale kaboksi ka admin. Ukikasahau utafukuzwa mlangoni. Halafu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inaenda kwa Microsoft kuvuta mafaili safi, inajaza stoo ya Windows. Lazima uwe na bando. Yangu ilikwama 62.3% mpaka nikapika chai nikamaliza, usiizime, itasonga. Ikiisha:

sfc /scannow

Hii inacheki mafaili ya mfumo moja moja, yenye imeoza inabadilishwa na ile ya stoo. Ndio maana stoo inatangulia. Ukianza na sfc na stoo ni chafu, unafua shati na maji ya mtaro. Picha zako na dokumenti haiguzi. Kuflashi ndio inaweza kufagia keja yote.

Nikaiwasha upya, baa hiyo, imerudi.

Ile thao mbili nikaiongezea kidogo nikanunua betri. Msee wa duka akasema niache lapi, nipitie jioni. Nikamshow ni skrubu saba tu, nitangoja hapa. Akaniangalia vile sanse anaangaliwa, akanisongezea stuli.