Morituri na Jibu la Claudius
Filamu zimetuzoesha kuamini kwamba kila mara wapiganaji wa Roma walipoingia uwanjani walimsalimu kaisari kwa kujiita morituri. Ushahidi wa salamu hiyo, hata hivyo, ni wa tukio moja tu: mwaka 52, kwenye ziwa Fucinus katikati ya Italia, kaisari Claudius alipoandaa maonyesho ya vita vya majini. Nao waliopigana hawakuwa wapiganaji wa kawaida wa viwanjani, bali wafungwa waliohukumiwa kifo. Mwanahistoria Tacitus anataja watu 19,000.

Morituri ni kivumishi kilichotokana na kitenzi mori, yaani kufa. Kiishio -turus huonyesha jambo lililo njiani, kwa hiyo moriturus ni atakayekufa, anayekaribia kufa, aliyeandikiwa kufa, hata aliyekusudia kufa. Kilatini hakimlazimishi msemaji achague. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Claudius aliwajibu kuwa huenda wasife. Wafungwa wakaona wamesamehewa, wakagoma! Ikambidi kaisari anyanyuke kitini, azunguke kando ya ziwa akitisha na kubembeleza, hadi wakakubali kupigana.

Likiwa kivumishi, neno hili hubadili mwisho wake kufuata jinsia, idadi na uhusika wa nomino, sawasawa na bonus, -ema. Mwanamume mmoja ni moriturus. Mwanamke ni moritura, na ndivyo mshairi Virgilius anavyomwita malkia Dido katika kitabu cha 4 cha utenzi wake, Aeneis. Wanaume wengi ni morituri. Ukiwatazama, hao ni morituros. Ukitaja silaha zao, ni za moriturorum. Ukiwapa kitu, unawapa morituris. Sisi wa kisu kikali na visu vikali hatuna cha kushangaa hapo, ila upatanisho wetu hukaa mwanzoni mwa neno.

Ugumu uko kwenye nafsi. Kiswahili hutenganisha sisi tutakaokufa na wao watakaokufa, ilhali morituri halibebi nafsi yoyote. Ndiyo maana Suetonius anaandika kitenzi cha salamu katika nafsi ya tatu, wanakusalimu, na wengi wanaoirudia leo husema tunakusalimu, bila morituri kubadilika hata herufi. Mfasiri wetu hana uhuru huo. Mimi ningemfuata Suetonius na kuandika "wanaokwenda kufa", kwa sababu anayekwenda anaweza kurudishwa njiani. Ukiandika "watakaokufa", hukumu imekwisha kupita, na jibu la Claudius linakosa pa kushika.