Maktaba za vyuo vikuu: kwa nini mkutubi naye anahitaji kurudi darasani

Mwanafunzi wa kilimo anatoka Isangi, anapanda baleniere mpaka Kisangani kutafuta vitabu vya kuandikia TFC yake. Kwa maktaba anaonyeshwa rafu moja ya vitabu vya zamani na kuambiwa: ni hivi tu. Mwisho anakopia kazi ya mwenzake wa mwaka uliopita.

Lakini mara nyingi si hivi tu. Kuna vitabu na majarida mengi kwa intaneti ambayo vyuo vya Kongo vinaweza kusoma bila kulipa. OMS ilifungua Hinari kwa mambo ya afya mwaka 2002, na FAO ikafungua AGORA kwa kilimo mwaka 2003. Leo zote ziko ndani ya mpango unaoitwa Research4Life, na Kongo ni kati ya nchi zisizolipa kitu.

Neno la siri liko kwa nani?

Chuo kinajiandikisha, kisha kinapewa neno la siri. Kwa kawaida anayelishika ni mkutubi. Kama hakufundishwa kulitumia, ao amestaafu bila kumwachia mwenzake, mlango unabaki umefungwa kwa profesa na wanafunzi wote. Ndiyo maana kumfundisha mtu mmoja haitoshi. Wawili ao watatu ni bora.

Vitabu vya karatasi navyo vinaomba ujuzi. Yangambi, humu humu katika eneo la Isangi, utafiti wa kilimo ulifanywa na INEAC, iliyoundwa mwaka 1933. Leo ni INERA. Maandishi ya umri huo, katika unyevu wa msitu wetu, yanaharibiwa na kuvu na mchwa. Kuyakausha, kuyapanga na kuyapiga picha ni kazi ya kujifunza. Kitabu kisichoandikwa katika orodha ni kama hakipo, hata kama kiko kwa rafu.

Wanafundishwa wapi?

Shule kubwa ziko mbali. EBAD iko Dakar, inafundisha kwa Kifaransa. Makerere, Uganda, ilianza kufundisha wakutubi mwaka 1963, lakini ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo njia iliyo karibu ni kujifunza kazini: siku chache kwa mwaka, mwenye kujua akimwonyesha asiyejua. Research4Life yenyewe inatoa masomo ya bure. Programu ya kupanga vitabu, Koha, nayo ni ya bure, na inatumika tangu mwaka 2000. Kinachobaki ni umeme, mega, na mkubwa wa chuo kukubali kwamba masomo ya mkutubi yaingie katika bajeti.

Wewe mwanafunzi, ao mzazi unayelipa masomo, ukifika chuoni uliza maswali mawili: chuo chetu kimejiandikisha? Na neno la siri liko kwa nani?