Sitara na Kashfa katika Nyimbo za Mvita

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imezoeleka kulikabili suala la maadili ya nyimbo kwa swali moja tu: je, maudhui ya wimbo huu ni mema au ni maovu? Swali hilo ni jepesi, na kwa sababu ya wepesi wake halimfikishi mhakiki mbali. Wimbo unaotaja zinaa huhesabiwa kuwa mchafu na wimbo unaoonya juu ya zinaa huhesabiwa kuwa safi, ingawa pengine hiyo nyimbo miwili hutaja jambo lile lile, kwa maneno yale yale, mbele ya watu wale wale. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia nyimbo za Mvita, kwamba jamii iliyozitunga haikuzipima kwa maudhui peke yake. Ilitazama pia wimbo uliimbwa wapi, mbele ya nani, na kama aliyeguswa alikuwa na nafasi ya kujibu.

Mahali pafaapo kuanzia ni Marikiti. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1914 likapewa jina rasmi la Mackinnon, lakini watu wa Mombasa waliliita Marikiti, yaani walilichukua neno la Kiingereza wakalitia sauti zao, na jina hilo likadumu hata lile la wakoloni likawa la vitabuni tu. Hapo ndipo penye matunda na viungo. Jirani yake pana barabara ya Biashara yenye wauza leso. Na nyuma yake vichochoro vya Mji wa Kale, Kibokoni na Kuze, ambamo nyimbo tunazozijadili zilizaliwa. Soko na mtaa vinapakana, na wimbo umekuwa ukivuka mpaka huo kwa zaidi ya karne moja.

Wataalamu hupenda kusema kwamba Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Kauli hiyo ina ukweli, ila imerudiwa mno bila kuulizwa ni nini hasa kilichobadilika ushairi ulipofika sokoni. Mada zilibadilika, ndiyo: badala ya akhera na mawaidha yakaja mapenzi, ufukara, fitina za mji na ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said wa Omani. Lakini kilichobadilika zaidi ni hadhira. Msikitini msikilizaji hujua kwamba anaambiwa yeye pamoja na wote. Sokoni hujiuliza kama anaambiwa yeye peke yake. Tungo za Muyaka dhidi ya mahasimu wa Mvita zilikuwa kali, na hakuna aliyezishutumu kuwa kinyume cha adabu, kwa kuwa hasimu aliyetukanwa alikuwa na washairi wake waliomjibia. Kejeli iliyo na mjibuji ni mashindano, na mji wa Mvita uliyapenda mashindano.

Hali ilikuwa nyingine katika nyimbo za wanawake, na hapa ndipo penye utajiri ambao uhakiki wetu umeupita haraka. Vugo, ngoma ya harusi iliyopata jina lake kutokana na pembe inayopigwa kwa kijiti, ilikuwa na nyimbo ambazo mtu mzima mwenye haya asingezitamka mbele ya wakwe zake. Zilitaja viungo vya mwili, zilicheka udhaifu wa wanaume, zilimfunza bibi harusi mambo ya chumbani bila kuzunguka. Mgeni aliyezisikia angedhani kwamba wanawake hao, waliotoka barabarani wakiwa wamejifunika buibui, wameacha staha yao nje ya mlango. Kumbe staha hawakuiacha. Ule mlango wenyewe ndio uliokuwa staha. Ndani ya ua, kati ya wanawake watupu, maneno hayo yalikuwa elimu na furaha. Yangetamkwa barabarani yangekuwa matusi. Neno halikubadilika hata herufi moja, na hukumu yake ilikuwa tofauti kabisa.

Lelemama ilikwenda mbali zaidi. Vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa mji huo, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Ibinaal Watan na Banu Saada ni majina ambayo wazee wa Mji wa Kale waliyataja kwa muda mrefu baada ya ngoma zenyewe kunyamaza. Katika mashindano hayo mtu aliyevunja miiko angeweza kuimbwa, na aliyeimbwa alijulikana. Ilikuwa ni adhabu. Katika mji ambamo mwanamke hakuwa na baraza la kukaa wala mimbari ya kusemea, wimbo ulikuwa mahakama yake, na kama mahakama nyingine zote, uliweza kuhukumu kwa haki na uliweza kudhulumu. Wanaoisifu lelemama kuwa sauti ya wanawake wasisahau kwamba mara nyingi aliyefedheheshwa naye alikuwa mwanamke.

Juu ya desturi hii yote lilikuwepo neno moja zito: sitara. Mafundisho ya dini yanamhimiza Mwislamu aifiche aibu ya mwenziwe ili naye Mungu amfichie yake, na yanaiweka gheba miongoni mwa madhambi makubwa. Wanazuoni wa Mombasa hawakuacha kulikumbusha jambo hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa mstari wa mbele kukemea mila alizoziona zinawaharibia Waislamu wa pwani dini na mali zao. Basi mtunzi wa Mvita alisimama kati ya amri mbili: jamii ilimtaka aseme, na dini ilimtaka asitiri. Fumbo ndilo lililomwezesha kuzitii zote mbili kwa pamoja, au angalau kudai kwamba amezitii.

Tazama fumbo linavyofanya kazi katika lugha. Mtunzi humwacha mtu akasema juu ya tunda, ndege, chombo au kisima. Nafsi ya tatu hutumika pale ambapo nafsi ya pili ndiyo iliyokusudiwa. Ngeli nazo hushiriki: mtu anayeimbwa huhamishwa kutoka ngeli ya watu akatiwa katika ki- au ji-, na kwa kiambishi kimoja tu amekwisha kudunishwa bila jina lake kutajwa. Embe linalonadiwa Marikiti asubuhi ni embe. Likiimbwa harusini usiku, kila mwanamke uani anajua ni nani aliyelimenya na ni nani aliyeachiwa kokwa. Akija mlalamishi, mtunzi atasema kwamba ameimba juu ya embe, na hakuna kadhi awezaye kumtia hatiani kwa embe. Lakini kinga hii haimlindi mtunzi peke yake. Inamlinda pia aliyeguswa, kwa sababu naye aweza kucheka pamoja na wengine kana kwamba hayamhusu, na kesho akaenda sokoni na uso wake. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), amesisitiza mizizi ya ushairi wetu katika maisha ya watu; yafaa iongezwe kwamba fumbo ni sehemu ya maisha hayo kabla halijawa pambo la fani.

Ushahidi wa karibu ni leso. Mwanamke aendaye barabara ya Biashara hachagui rangi tu. Huchagua jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa pindoni, na wauzaji wa huko, kama vile nyumba ya Kaderdina Hajee Essak inayojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla tangu mwaka 1887, wanajua vyema kwamba jina baya huozesha nguo nzuri dukani. Akiivaa leso hiyo mbele ya jirani yake, amesema. Akiulizwa, hakusema neno. Amevaa nguo ambayo wengi wengine pia wameinunua.

Hata hivyo fumbo halitoshi kwa kila jambo, na mfano mkubwa wa kulipinga unatoka Unguja. Siti binti Saad, ambaye kundi lake lilirekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba juu ya mtu aliyeitwa Kijiti, aliyeshutumiwa kumuua mwanamke mgeni kutoka bara baada ya kumtendea unyama, kisha akatoroka, huku wanawake waliofuatana na marehemu wakiachwa kuikabili serikali. Hapa hapakuwa na embe wala ndege. Jina lilitajwa. Laura Fair, aliyeuchambua wimbo huo katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi ulivyoitia mahakama yenyewe hatiani mbele ya wasikilizaji. Maudhui yake yanatisha kuliko wimbo wowote wa vugo, lakini si rahisi kumpata Mswahili aliyesema kwamba Siti alivunja adabu. Sababu yake yafaa ielezwe wazi: sitara imewekwa ili kumhifadhi mnyonge aliyeteleza. Ikigeuzwa kuwa pazia la kumficha mwenye nguvu aliyeua, imekwisha kupoteza kazi yake, na anayeipasua hakukosa.

Kwa upande mwingine, liko shairi la Abdilatif Abdalla, «Usiniuwe!», katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga akiwa kifungoni. Ndani yake kiumbe kilicho tumboni kinamsihi mamaye asikitoe. Ni vigumu kufikiri mada inayochoma zaidi. Lakini hakuna jirani aliyelengwa, na kwa hiyo mjadala uliofuata ulihusu mada yenyewe, si aibu ya mtu. Kuiweka tungo hiyo na wimbo wa mashindano ya lelemama katika kapu moja la «maudhui yenye utata» ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Mizani hii ya ukumbi, mlengwa na jibu ilitikiswa na kanda. Tangu miaka ya 1970 redio za kaseti zilipoenea pwani, wimbo ulioimbwa harusini usiku ulianza kuuzwa madukani. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale lililorekodi na kuuza taarabu, lilikuwa na sauti za Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Malika na wengineo. Kwa tungo za Juma Bhalo, zilizojaa huzuni za mapenzi na kuimbwa mara nyingi kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, hasara haikuwa kubwa. Ushairi wake na wa wenzake aliouimba ulikwisha kutungwa kwa hadhira pana. Nyimbo za uani ndizo zilizopata msiba. Kanda haina mlango. Maneno yaliyokuwa elimu kati ya wanawake yakasikika katika matatu, mbele ya wanaume na watoto, na waliosema kwamba maadili yameporomoka walisikia maneno ya zamani mahali papya.

Jibu nalo lilibadilika. Katika uchaguzi wa Lamu wa mwaka 1975 tungo za Kimondo za Mahmoud Abdulkadir, maarufu kwa jina la Ustadh Mau, zilienea kwa kanda na kujibiwa kwa kanda, kwa hiyo desturi ya Muyaka ilipata chombo kipya na haikufa. Lakini huo ulikuwa ugomvi wa wagombea na wafuasi wao. Mwanamke wa kawaida aliyeimbwa kwenye kanda iliyokwisha kufika Tanga na Muscat angemjibia nani, na wapi? Mipasho ya miaka ya 1990 huko Dar es Salaam, kati ya TOT na Muungano, ilitatua tatizo hilo kwa namna yake: waimbaji walilengana wao kwa wao, kwa malipo, na hadhira ikatunza pande zote mbili.

Fumbo lenyewe lilifikishwa mahakamani, ikiwezekana kusema hivyo, mwaka 2018, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania lilipoupiga marufuku wimbo «Mwanza» wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Kiini cha shutuma kilikuwa jina la mahali, Nyegezi, linalobeba ndani yake neno la ashiki. Kwa hoja ya zamani mtunzi angesema kwamba ametaja mtaa wa Mwanza, na mtaa huo upo. Baraza halikuikubali kinga hiyo. Wala si ajabu, maana katika wimbo huo fumbo halikufumbwa ili mtu asitirike. Lilifumbwa ili kila mtu alifumbue mara moja na acheke. Kwa istilahi za uani, huo ulikuwa mzaha tu, na mzaha wa uani hupigwa mlango ukiwa umefungwa.

Limebaki jambo linalowahusu wanachuo wenyewe. Nyimbo za vugo na lelemama zimefika vyuoni kwa kinasasauti cha mtafiti aliyekaribishwa uani, na mara nyingi zimechapishwa pamoja na maelezo ya chini yanayofafanua kwamba ndege ni mwanamke fulani na kisima ni nyumba fulani. Kitaaluma maelezo hayo ni ya lazima. Bila hayo tungo ni orodha ya matunda na ndege. Kimaadili, yanafanya kile ambacho mtunzi alijinyima kwa ufundi mkubwa kukifanya. Aliyefumba alimwachia mlengwa njia ya kutokea, na msomi amekuja akaiziba kwa tanbihi. Haitoshi kusema kwamba watu hao wamekwisha kufariki. Wajukuu wao wanaishi Kibokoni na Kuze, wanasoma, na wengine wao ni wanafunzi wa idara zile zile zinazofundisha tungo hizo. Zipo njia za kulikabili jambo hili: kueleza muundo wa fumbo bila kumtaja mtu, kuweka ufafanuzi katika nakala ya maktaba isiyofunguliwa kwa kila mtu, au kuwarudia walioimba na kuwauliza. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanywa kwa nadra kuliko zote, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote, kwani kutoka Marikiti hadi kwenye nyua hizo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.