Mpaka hauonekani, lakini ushuru waonekana

Nairobi na majirani zake ni soko moja lenye serikali tano. Je, nani anayelipa gharama ya mgawanyiko huu?

Panda matatu ya Barabara ya Kangundo asubuhi ya Jumamosi. Utapita Kayole, utapita Njiru, na baada ya Ruai, unapokaribia Joska, Kaunti ya Nairobi itakuwa imekwisha na ya Machakos imeanza. Hakuna mto mkubwa hapo, wala ukuta. Maduka ni yale yale, mabango ya ploti zinazouzwa ni yale yale, na abiria aliyesinzia kando yako hataamka. Umetoka serikali moja ukaingia nyingine na wala hukujua.

Lakini kuna mtu anayejua. Huyo ni mfanyabiashara anayeuvuka mpaka huo na mzigo.

Tuseme lori la nyanya linatoka Loitokitok, Kaunti ya Kajiado, kuja Nairobi. Linapopakiwa, ushuru wa mazao hulipwa huko. Likifika sokoni Nairobi, ada nyingine hulipwa ndipo mzigo ushushwe. Mama wa Kayole anayenunua kreti moja na kuipeleka kwenye kibanda chake hulipa ada ya kila siku kwa kibanda hicho. Mzigo ni ule ule, nyanya hazijaongezeka hata moja, lakini kila mlango umedai chake. Mwishowe hasara si ya mwenye lori wala si ya mama wa kibanda. Ni ya mama wa nyumba aliyetumwa na njaa ya watoto kununua nyanya tatu jioni na kuambiwa kwamba bei imepanda.

Hiyo ndiyo sababu mambo ya ushirikiano kati ya miji, ambayo wengi wetu huyaachia magavana na wataalamu, yanaihusu kila sufuria ya Eastlands.

Mji uliomwagika

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mitaa ya mashariki ilijengwa ili wafanyakazi wapate pa kulala. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli, kisha zikaja Kaloleni, Maringo na Jericho. Katika miaka ya 1970 zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora.

Watoto wa mitaa hiyo walipokua na kuoa, nyumba zilikuwa zimejaa. Baba aliishi Jericho, mwana akapanga Umoja au Kayole, na sasa mjukuu amenunua kiploti Joska, Mwihoko au Kitengela. Familia moja, vizazi vitatu, kaunti zaidi ya moja. Nairobi yenyewe ina kilomita mraba 696 tu, na kama maziwa yaliyochemka, mji umefurika na kumwagika nje ya sufuria.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha jambo hili waziwazi. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Ukiongeza majirani zake Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, hesabu inapita watu milioni 10. Hiyo ina maana kwamba zaidi ya Mkenya mmoja katika kila watano anaishi katika kaunti hizo tano.

Na watu hao wanategemeana. Sukuma wiki na maziwa hutoka Kiambu, na hali kadhalika mawe ya kujengea ya Ndarugo. Mchanga hutoka Machakos na saruji hutoka Athi River. Ndizi na parachichi hutoka Murang'a, na ng'ombe na mbuzi wa Kajiado huishia katika masoko kama Burma. Nairobi nayo hurudisha vyake. Mwanafunzi anayeingia shule ya bweni Kajiado au Murang'a huenda amebeba sanduku la bati lililogongwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, na ndani yake mna sweta iliyochaguliwa Gikomba.

Tazama pia eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, lililoko Athi River. Kiwanda kiko Machakos. Fundi wa cherehani huenda analala Kitengela, ambayo ni Kajiado. Siku ya mapumziko anafanya ununuzi Gikomba, Nairobi. Kontena la nguo alizoshona laweza kupitia bohari ya makontena ya Embakasi kabla ya kuelekea Mombasa. Mwekezaji aliyekijenga kiwanda hakuchagua kaunti. Alichagua uwanja wa ndege, reli, barabara na watu wenye ujuzi, na vitu hivyo vimetapakaa pande zote za mpaka.

Kila mmoja na kundi lake

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, nyingi ziligundua haraka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Zikaanza kuungana katika makundi ya kiuchumi ili zitafute wawekezaji kwa sauti moja. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, ziliunda Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Kaunti za eneo la Ziwa Victoria zikaunda kundi lao, na vivyo hivyo za Bonde la Ufa kaskazini.

Je, Nairobi na majirani zake walifanya nini? Hapa ndipo msomaji atashangaa. Kiambu na Murang'a ziliingia kundi la Mlima Kenya na Aberdare. Machakos iliungana na Kitui na Makueni. Kajiado ilishikana mkono na Narok. Nairobi, mji mkuu, ikabaki peke yake bila kundi. Majirani wanne wakagawanyika katika makundi matatu, na yule wa katikati akawa hana kiti popote.

Matokeo yake ni kwamba kila mmoja amejipigia debe. Mwaka 2013 Machakos, chini ya gavana wake wa kwanza Alfred Mutua, ilijitangaza kwa kishindo kuwa mahali pa wawekezaji. Kiambu ilikuwa na mradi wa Tatu City karibu na Ruiru. Serikali kuu ilikuwa ikiutangaza mji wa teknolojia wa Konza kwenye barabara ya Mombasa. Hakuna ubaya katika kujitangaza. Ubaya ni pale majirani wanapomgombania mgeni mmoja, huku kila mmoja akimpunguzia ada ili asiende kwa mwenzake, na pengo la mapato likazibwa na mama wa kibanda.

Majaribio mawili

Si kwamba hakuna aliyeliona tatizo hili. Mwaka 2008 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliunda Wizara ya Ustawi wa Jiji la Nairobi na Vitongoji vyake, na marehemu Mutula Kilonzo akawa waziri wake wa kwanza. Mpango wake ulioitwa Nairobi Metro 2030 uliutazama mji na miji ya jirani kama Thika, Ruiru, Mavoko, Machakos na Kajiado kuwa kitu kimoja. Lakini mwaka 2013, wakati magavana walipoingia, wizara hiyo haikuendelea. Wazo likabaki bila mwenyewe.

Jaribio la pili lilikuja mwaka 2017, wakati mamlaka ya uchukuzi ya eneo hilo, NAMATA, ilipoundwa ikizijumuisha kaunti zote tano. Ilipanga njia za mabasi ya mwendo kasi na kuzipa majina ya wanyama. Mojawapo, iliyoitwa Chui, ilipangwa itoke Tala, upande wa Machakos, ipite Njiru na Dandora, iingie katikati ya jiji na kuendelea hadi Ngong, Kajiado. Kaunti tatu kwa basi moja! Wakazi wa Eastlands walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, mambo yalikwenda polepole. Mwaka 2018 mistari mekundu ilipakwa kwenye barabara kuu ya Thika, nayo miaka ikapita bila mabasi hayo. Isitoshe, mamlaka hiyo ni ya uchukuzi tu. Haiwezi kumwondolea mtu ushuru wa nyanya.

Maji ya huku, taka za kule

Ukosefu wa meza moja ya mazungumzo huonekana hata kwenye bomba la nyumbani. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Mwangi wa Iria, alipokuwa gavana wa Murang'a, alidai kaunti yake igawiwe mapato ya maji hayo, na mvutano ukawa mkali. Mkazi wa Umoja anayenunua maji kwa mtungi hakujua amshangilie nani.

Kwa upande mwingine kuna taka. Jaa la Dandora lilianza kutumika katika miaka ya 1970 na kufikia mwaka 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo malori yaliendelea kumwaga. Mpango wa kulihamishia Ruai ulipingwa na wasimamizi wa viwanja vya ndege, waliohofia ndege wa angani wanaovutiwa na taka. Mji uliobanwa hivyo hauwezi kupata mahali pa taka bila kuelewana na jirani, na jirani hawezi kukubali kupokea taka kama hagawiwi faida yoyote.

Somo kutoka Minnesota

Kuna mahali ambapo majirani waliliona hilo mapema. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, miji ya Minneapolis na Saint Paul imetenganishwa kwa sehemu na mto Mississippi na kwa miaka mingi ilishindana vikali. Mwaka 1967 jimbo liliunda baraza la kupanga mambo ya eneo zima. Mwaka 1971 likapitisha sheria ya ajabu kidogo: katika wilaya saba za eneo hilo, asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda inayotozwa kodi huwekwa kwenye kapu moja na kugawanywa. Kiwanda kikijengwa kwa jirani, nawe unapata kijiko. Hivyo sababu ya kumhujumu jirani hupungua. Mwaka 2011 eneo hilo lilipata shirika moja la kulitangaza lote kwa wawekezaji.

Kenya haina haja ya kuiga kila kitu, na wala haina haja ya kuandika katiba mpya. Katiba ya mwaka 2010 tayari inasema, katika kifungu cha 189, kwamba serikali za kaunti zitashirikiana na zinaweza kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kifungu cha 209 kinakataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yao au usafirishaji wa bidhaa. Mlango uko wazi, ila wenye nyumba hawajaingia.

Waanzie wapi?

Waanze na dogo linalomgusa mwananchi. Ushuru wa mazao ulipwe mara moja, na stakabadhi yake iheshimiwe katika kaunti zote tano, kisha mapato yagawanywe. Gari la mkate lenye jina la kiwanda ubavuni lisitozwe ada ya tangazo kila linapovuka mpaka. Maji na taka yajadiliwe kwenye meza moja, ili anayetoa maji na anayepokea taka wote waone faida. Hapo ndipo kulitangaza eneo zima kwa wageni kutakuwa na maana, kwa sababu kutakuwa na kitu kimoja cha kutangaza.

Nanyi wanafunzi, likizo hii fanyeni zoezi. Chukueni chakula cha jioni cha nyumbani kwenu, mwandike kila kitu kimetoka kaunti gani, na mwulize muuzaji amelipia nini njiani. Wazazi, mgombea wa ugavana akija kuomba kura mtaani kwenu, msimwulize barabara ya mtaa pekee. Mwulizeni pia anasemezana vipi na gavana wa upande wa pili.

Jioni, matatu ile ya Kangundo hurudi mjini. Abiria wetu bado amesinzia, na mpaka anaupita bila kuuona. Nyuma yake kuna mama aliyepakata kikapu, akipiga hesabu kwa vidole. Yeye hana nafasi ya kusinzia.