Kelele za Redio Zatueleza Nini?

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Ndugu msomaji, methali hii ina ukweli hata huko angani.

Chukua redio ya mawimbi mafupi, uizungushe hadi mahali pasipo na stesheni. Utasikia "shhhhh!" Wengi wetu huikimbia kelele hiyo, na wengine huipiga redio kofi ati imeharibika. Jamani, ngojeni kidogo! Kelele hiyo ni shahidi, na leo tutamsikiliza.

Baadhi yake hutoka kwenye radi. Sisi wa Kisii na Nyamira radi tunazijua sana: mvua ya alasiri ikikaribia, redio hutoa "kra! kra!" kila umeme unapomulika. Lakini kuna kelele nyingine, nyororo isiyokatika. Karl Jansky wa Marekani ndiye aliyeigundua. Alikuwa akichunguza kelele zilizosumbua simu za kuvuka bahari ya Atlantiki. Aliona kwamba kelele moja huwahi kwa dakika 4 kila siku, kama nyota zinavyowahi kuchomoza. Mwaka 1933 akatangaza kuwa inatoka kwenye Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota tunaouona usiku usio na mawingu.

Sasa wewe jiulize: kelele ya nyota ina faida gani? Fikiria koroboi iliyowekwa upande wa pili wa jiko lenye moshi. Mafuta yamejaa na utambi ni mzima, lakini mwanga unafifia. Bila shaka utajua kuwa moshi umezidi. Basi nyota ndizo koroboi yetu. Kelele yake ikipungua ghafla, si nyota zilizozimika, bali kuna kitu katikati kinachoimeza.

Kitu hicho ni tabaka la chini la ayonosfia, liitwalo tabaka D, lililo kilomita 60 hadi 90 hivi juu ya vichwa vyetu. Mchana, miale ya jua hupasua chembe za hewa na kuziacha elektroni huru. Wimbi la redio likipita, huzitikisa elektroni hizo. Kabla hazijairudisha nguvu ya wimbi, zinagongana na chembe za hewa, na nguvu ile yote huishia kuwa joto. Usiku elektroni nyingi hurudiana na chembe zake na tabaka hilo karibu litoweke. Ndiyo sababu stesheni za mbali za mawimbi ya kati husikika usiku, lakini mchana hakuna.

Katika miaka ya 1950 huko Alaska, Gordon Little na Harold Leinbach waliunda chombo cha kupima jambo hili, kiitwacho riometa. Ni redio makini iliyoelekezwa juu, mara nyingi kwenye megahezi 30 hivi. Mawimbi ya masafa ya chini sana kuliko hayo hurudishwa angani yasitufikie, na ya juu sana hayamezwi vya kutosha kupimika. Wataalamu huchora kwanza mstari wa kelele ya siku tulivu, kisha hulinganisha na kelele ya leo. Ikishuka hadi nusu, wanasema desibeli 3 zimemezwa.

Je, haya yatuhusu? Naam! Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na tabaka D huwa nene zaidi mahali jua lilipo utosini. Tarehe 6 Septemba 2017, jua lilifyatua mlipuko mkubwa. Kwa saa za Kenya kilele chake kilikuwa mnamo saa tisa alasiri, Afrika ikiwa mchana. Mawasiliano ya mawimbi mafupi yalivurugika upande wote wa dunia uliokuwa na jua. Kule Karibi, kimbunga Irma kilikuwa kikiwapiga watu siku iyo hiyo, na waokoaji walitegemea redio hizo. Asiyejua angefungua redio yake na kuanza kuitengeneza, kumbe ni mbingu! Mwenye riometa angeona kelele ya nyota imeshuka, naye angejua kwamba dawa ni kungoja.

Nasi wanachama tujaribu. Chukua redio ya mawimbi ya kati, nenda mbali na nyaya za stima. Andika stesheni unazopata saa sita mchana, kisha saa tatu usiku, kwa wiki nzima. Redio ya nyumbani haiwezi kuwa riometa, kwa maana hujiongezea sauti yenyewe kelele inapopungua. Lakini itakuonyesha kazi ya tabaka D. Na radi zikianza, tafadhali zima, ingia ndani!

Siku nyingine redio ikinyamaza, usiipige kofi. Huenda ni jua limenena.