Kabla Hujauza Kidani Ununue Kiwanja

Mama mmoja alinijia baada ya kumaliza eda. Miaka kumi na miwili nyuma aliuza dhahabu zake za harusi, na kwa fedha hizo kikanunuliwa kiwanja na kujengwa vyumba vinne vya kupangisha. Hati iliandikwa jina la mumewe peke yake. Mume alipofariki, vyumba vyote vilihesabiwa kuwa mali ya marehemu. Marehemu aliacha watoto na wake wawili, kwa hiyo thumni ya wake ikagawanywa kati yao. Mama yule akaambulia sehemu moja katika kumi na sita ya kitu kilichonunuliwa kwa dhahabu yake. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, ila hakuwa na karatasi wala shahidi.

Tangu siku ile, kila anayeniuliza namna ya kuanza biashara ya nyumba humrudishia maswali matatu.

La kwanza: nani atapanga? Urahisi wa bei hautoshi kuwa sababu ya kununua. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, na mwanafunzi hutafuta chumba cha bei nafuu. Lakini likizo ikifika, chumba huenda kikabaki kitupu. Mtwapa hukaa watu wengi wanaofanya kazi Mombasa, nao hutaka maji, usalama na matatu karibu. Ukunda hutegemea hoteli za Diani. Hoteli zikifungwa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa korona, mfanyakazi hukosa mshahara na mwenye nyumba hukosa kodi. Basi chagua mji unaoujua. Utembee kwa miguu, mchana na jioni, kiangazi na masika. Waulize wapangaji wenyewe wanalipa kiasi gani na maji hutoka siku zipi.

La pili: ardhi ni ya nani? Hapa Pwani tuna mazoea ya nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga juu ya ardhi ya mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Anayenunua nyumba ya namna hiyo amenunua kuta na paa tu. Wako pia wanaouza kwa karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa mzee wa mtaa, nayo si hati miliki. Kabla ya kutoa hata arbuni, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ujue hati ina jina la nani na kama kiwanja kimewekwa rehani. Kisha mpima ardhi akuonyeshe mipaka. Tenga pia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, mbali na ujira wa wakili.

La tatu: jina la nani litaandikwa? Dada zangu, mali ya mke ni yake, na kuilinda kwa maandishi si kumtilia shaka mume. Mkichanga, mume na mke au wanachama wa chama kimoja, mwambieni wakili aandike fungu la kila mmoja mbali. Katika sheria ya Kenya, umiliki wa pamoja usiotengwa mafungu humfanya anayebaki hai achukue vyote, na warithi wa aliyekufa wakakosa haki yao.

Fedha zikipungua, msikimbilie riba. Yako mabenki ya Kiislamu yenye ubia unaopungua: benki na mteja hununua pamoja, naye hulipa kodi kwa fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni huandikwa, vipi nyumba ambayo watoto wako watairithi? Mama yule alilia mbele yangu, na sikuwa na la kumrudishia. Wewe bado una nafasi: kaitazame hati yenu leo.