Mpiga Kura na Nauli Yake

Uchaguzi ukikaribia nchini Kenya, fedha nyingi za kuhamasisha wapiga kura huishia kwenye mabango, fulana, matangazo ya redio na ujumbe wa simu. Naamini zingefaa zaidi kulipa makarani wa kuzunguka vijijini wakiandikisha wapiga kura. Nje ya misimu ya usajili wa halaiki, anayetaka kujiandikisha kwa kawaida hulazimika kufika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lake. Kwa kibarua, hiyo ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi pamoja na ujira wa siku nzima, ili tu karani amchukue picha na alama za vidole kwenye mashine ya BVR. Kabla ya uchaguzi wa 2017, watafiti wakishirikiana na tume walijaribu kuusogeza usajili hadi karibu na makazi ya watu. Waliojiandikisha wakaongezeka, maskini zaidi ya wengine.

Ujumbe wa simu una watetezi, kwani ni wa bei nafuu na hufika papo hapo. Mwaka 2013 tume ilituma jumbe zipatazo milioni 11 kwa wapiga kura karibu milioni 2. Utafiti ulionyesha kuwa waliozipokea walijitokeza zaidi, lakini baada ya uchaguzi imani yao kwa tume ilishuka, hasa katika upande ulioshindwa na sehemu zilizokumbwa na ghasia. Si ajabu: siku ya kura, mashine za kuwatambua wapiga kura ziligoma katika vituo vingi na mfumo wa kupeleka matokeo ukakwama. Aliyekuwa ameitwa kwa ahadi ya uchaguzi safi ndiye aliyeumia zaidi.

Pingamizi zito dhidi ya kuusogeza usajili kwa watu ni la 2021. Usajili ulipelekwa hadi kwenye wadi, tume ikilenga watu milioni 6, wakapatikana kama milioni 1.5. Je, si vijana wamekata tamaa? Wapo waliokata tamaa, na siwalaumu. Lakini wadi ya Turkana au Marsabit ni pana mno, na asiye na kitambulisho hasajiliwi hata karani akiketi mlangoni pake; katika kaunti za mpakani, kijana wakati huo alihojiwa na kamati ya uhakiki kwanza ndipo akipate. Kwa hiyo afisa wa vitambulisho atangulie miezi kadhaa, na karani wa BVR afuate njia ileile, siku za soko.